Chawa wa Wifi Yangu

Mimi na wifi yangu tunagombana tangu siku ile kaka yangu alipomleta nyumbani, na sioni sababu ya kuacha. Tunagombana kuhusu chumvi, kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe, kuhusu nani kaacha chanuo ndani ya sinki. Lakini mtu wa nje akithubutu kumsema vibaya mbele yangu, atajuta kunifahamu. Wifi yangu ni wa kugombana na mimi tu.

Ana saluni. Si kubwa: viti viwili vya kuzunguka, kimoja hakizunguki, kioo kirefu chenye ufa pembeni, draya ya kuvaa kichwani inayonguruma utadhani inataka kuondoka na mteja, na sinki la kuoshea nywele, ambalo ndilo eneo langu la utawala. Mimi naosha, yeye anasuka. Wateja walimpa jina la Chapchap kwa sababu ya vidole vyake. Ulikuwa unakaa pale kitini, unaanza kusimulia visa vya mume wako, hujafika hata penye utamu, unaambiwa, "Inuka, nimemaliza." Kuna waliolalamika kabisa kwamba hawapewi nafasi ya kusengenya.

Halafu vidole vikaanza kuvimba. Si kimoja, vyote, mikono yote miwili, kwenye maungio, vikawa vimejaa vinundu kama tangawizi. Asubuhi yeye alikuwa anaamka, mikono inabaki imelala mpaka jua lipande. Kaka yangu ndiye aliyekuwa anamfungia vifungo vya blauzi, na kaka yangu ni fundi wa majokofu, mtu wa spana na bisibisi, kwa hiyo vifungo navyo alivikaza vilivyo. Walipokwenda hospitali wakaambiwa ni baridi yabisi, tena ile kali inayokula viungo. Akapewa dawa za kutuliza maumivu, vidonge vyekundu, na onyo moja: "Mama, hivi vyekundu usivimeze kila siku, vitakuharibia figo. Na urudi." Kurudi hakurudi. Lakini onyo alilishika kwa mikono yote miwili, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Maana wifi yangu ni mtu wa rangi. Muulize habari ya rangi za nywele akufundishe mpaka ukimbie. Atakuambia kwamba kichwa kimoja hukipaki rangi ile ile mfululizo, nywele zitakatika. Unazipumzisha kwa rangi nyingine, kisha unarudia ya kwanza. Sasa mtu mwenye elimu hiyo, ukimwambia asimeze vyekundu kila siku, atafanya nini? Alimeza vyekundu leo, kesho vya njano, keshokutwa vya waridi, kisha vyeupe, kisha anarudi kwenye vyekundu.

"Nazipumzisha figo," akasema, kifua mbele.

Siku zote nipo tayari kumpinga, hata akisema leo kuna jua. Siku hiyo nilikuwa nasuuza mtu, maji yanapiga kelele, sikusikia. Hivyo ndivyo mambo yanavyoharibika katika dunia hii.

Vya rangi nyingine alivipata wapi? Kwa wateja! Mkoba wa mwanamke unaweza kukosa nauli, ukakosa hata kitambulisho, lakini kidonge cha maumivu hautakosa. Chapchap akikunja uso kidogo tu wakati wa kusuka, zipu zinalia saluni nzima. "Chukua hiki cha njano, mwenzangu, kiliniokoa na mgongo." "Jaribu hiki cha waridi, dada yangu alikuwa na jino, usiombe." Kulikuwa na bakuli la pini za nywele pale mbele ya kioo. Pini zikahamishwa, bakuli likawa la vidonge, vingine vimekatwa na karatasi zake kwa mkasi, vingine vitupu. Mtoto wa mteja akaingia siku moja akaomba apewe peremende.

Ikapita miezi. Vidole vilikwenda chapchap kama zamani, na kila mtu akafurahi. Kisha akaanza kuvimba macho asubuhi. Miguu nayo ikajaa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Akawa anachoka kabla ya kazi kuanza, chakula anakisukuma, na chooni anakwenda kwa nadra, anakaa sana, anatoka na matone. Kaka yangu akaniambia, "Dada, twende naye hospitali, mimi peke yangu atanishinda." Na ni kweli, kaka yangu ni mtu mzuri, lakini mke wake akimwambia jokofu ni kabati, atalitafutia bawaba.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, nywele zake amezibana nyuma kwa mpira wa kufungia karatasi. Wifi yangu aliona ule mpira akasahau kilichomleta.

"Mwanangu," akasema, "huo mpira unakukata nywele. Njoo kwangu."

"Tuanze na wewe kwanza, mama," daktari akasema.

Alipima damu, akapima mkojo, tukasubiri, tukaitwa tena. Safari hii uso wake haukuwa wa mzaha. Akauliza anameza dawa gani. Wifi yangu, bila aibu, akafungua mkoba akatoa bakuli lote akaliweka mezani, kama mtu anayekaribisha wageni karanga.

Daktari akavichambua kimoja kimoja, akisoma migongo ya karatasi. "Hii ni diklofenaki. Hii nyeupe nayo ni diklofenaki, ya kiwanda kingine. Hii ya waridi ni ibuprofeni, na hii ya njano ni jamaa yao wa karibu. Mama, hawa wote ni ukoo mmoja."

"Lakini rangi ni mbalimbali," wifi yangu akasema.

"Rangi ni ganda tu. Ni mtu mmoja anabadilisha nguo."

Nilimwona wifi yangu anavyoliangalia lile bakuli. Alionekana kama mtu aliyegundua kwamba wachumba wote waliompigia hodi walikuwa ni mwanamume mmoja.

Daktari akatueleza taratibu. Zile dawa zinatuliza maumivu, sawa, lakini zinabana mishipa inayopeleka damu kwenye figo, na figo isiyopata damu ya kutosha inalegea. Zikitumika kidogo, kwa mtu mzima wa afya, pengine hazileti neno. Kila siku, miezi na miezi, ni habari nyingine. Figo za wifi yangu zilikuwa zinafanya kazi chini ya nusu. Huenda zikarudi kidogo akiacha kabisa. Asipoacha, zitaendelea kushuka, na zikifika chini ni mashine.

"Mashine ya nini?" wifi yangu akauliza.

"Ya kukusafishia damu. Unalala pale karibu nusu siku, mkono una sindano, unarudi tena baada ya siku chache. Na hivyo hivyo, maisha yako yote."

Kaka yangu alishika kiti. Wifi yangu yeye akauliza swali lake.

"Nisipovimeza, nitasukaje?"

"Kuna dawa za kuutuliza ugonjwa wenyewe, si maumivu tu," daktari akasema. "Mama, huu ugonjwa ni kinga ya mwili wako inakosea, inavipiga viungo vyako mwenyewe. Mwili unajipiga."

"Kama ukoo wetu," nikasema. Daktari akaendelea kana kwamba sikusema.

"Lakini dawa nyingine kati ya hizo hutolewa na figo, kwa hiyo siwezi kukuanzishia kabla sijajua figo zinasimama wapi. Tutapima tena. Kwa sasa utameza parasetamoli, kwa kipimo nitakachokuandikia, na utapumzisha mikono. Hivi vya bakuli, hata kimoja usiguse. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

Mimi namjua wifi yangu. "Nimekuelewa" ya kwake maana yake ni kwamba amesikia.

Basi nikajipa cheo. Bakuli nililimwaga chooni siku hiyo hiyo. Pale saluni nikatangaza kwamba mteja atakayefungua mkoba kutoa kitu zaidi ya simu au hela nitammwagia maji ya baridi sikioni, na mmoja aliyedhani natania alitoka ametota. Nyumbani kaka yangu alipewa kazi ya upekuzi. Alianza na jokofu, bila shaka, akaligeuza ndani nje, akakuta mlango wake haufungi vizuri, akakaa kulitengeneza mpaka jioni. Hakuendelea na upekuzi tena.

Mikono ikalipa. Jamani, ikalipa! Vidole vilikataa kukunjika. Alikuwa anashika fungu la nywele linamponyoka, analiokota, linamponyoka. Wateja sasa walimaliza visa vya waume zao, wakamaliza vya waume wa majirani, wakaanza upya, na kichwa bado nusu. Baadhi wakaanza kupita upande wa pili wa barabara wakijifanya hawatuoni. Mwenyewe hasemi kitu. Anauma mdomo, anaendelea. Nilikuwa namtazama kupitia kile kioo, nikaona afadhali anitukane.

Ghafla, wiki moja, vidole vikachangamka. Vikaenda. Si kama zamani, lakini vikaenda, na wifi yangu akaanza hata kuimba. Nikamshukuru Mungu, nikaishukuru parasetamoli. Alikuwa pia amejisuka mtindo mpya, misuko minene iliyozungushwa juu ya kichwa ikawa kichuguu kikubwa kama mkate. Nikamsifia, na mimi kumsifia si kawaida yangu, angetakiwa ashtuke.

Hapo ndipo nilipoona anajikuna. Anaingiza kidole ndani ya kile kichuguu, anakikunakuna, anatoa mkono, anapiga mwayo huku kafunika mdomo, kisha anakunywa maji. Asubuhi. Mchana. Jioni tukiwa tunafagia. Kujikuna, mwayo, maji. Kujikuna, mwayo, maji.

Chawa! Msusi ana chawa!

Wewe usiyefanya kazi ya saluni huwezi kuelewa hofu niliyoipata. Saluni inaweza kuwa na panya, ikawa na paa linalovuja, wateja watavumilia. Neno chawa likitajwa mara moja tu, unafunga mlango, unauza viti, kile kisichozunguka wanakukatalia. Na utamwambiaje msusi ana chawa? Mtu ambaye mikono inamuuma, figo zinamsumbua, wateja wanamkimbia, umwambie na hili? Nikasema hapana. Nitamtibu bila yeye kujua. Nikaenda duka la dawa la mbali ambako hawanijui, nikanunua dawa ya chawa huku nimejifunika mtandio mpaka puani, nikaifanyia mpango wangu.

Mpango ulihitaji maji, kichwa chake, na ajali.

Siku ilipofika tulikuwa na mteja mmoja tu, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mwanamke mkubwa wa sauti, ambaye hata akiwa amelala chali kwenye sinki langu na povu limemjaa kichwani anaendelea kutoa amri. "Sugua hapo. Si hapo, hapo. Punguza maji. Ongeza." Mkoba wake ulikuwa mapajani, ameukumbatia.

"Wifi," nikaita, sauti tamu kabisa. "Hebu njoo uyaguse maji haya, naona kama ni ya moto."

"Ya moto tangu lini? Sinki lako lina bomba la baridi tu."

"Njoo tu, wifi."

Akaja, akainama. Na ule mpira wa maji, maskini, ukaniponyoka. Ukamrukia kichwani, ukatulia pale pale juu ya kichuguu, kwa sababu nilikuwa nimeushikilia, na kwa mkono mwingine chupa ya dawa ya chawa nayo ikamwagika yote kwa bahati mbaya.

"We mwehu!" wifi yangu akapiga yowe. "Niache! Kichwa changu!"

Mimi nikasugua. Nikasugua kwa mapenzi yote niliyonayo. Na ndipo maji yakaanza kushuka usoni kwake, na yalikuwa mekundu.

Mwalimu mkuu aliinuka na povu lake. "Damu! Mmemuua! Wewe, umemtoboa kichwa!"

Nikaacha kusugua. Mfereji mwekundu ulipita katikati ya paji la uso ukafika puani. Kisha pembeni yake, karibu na sikio, ukaanza mfereji wa njano. Halafu upande wa pili, wa waridi.

"Anatoka damu ya rangi tatu," mwalimu mkuu akasema, sasa kwa sauti ndogo, kama mtu ambaye masomo yote aliyosoma hayamsaidii.

Kitu kikaanguka ndani ya sinki, tik. Kingine, tik. Nikaokota. Kidonge cheupe, kimeanza kuyeyuka. Nikaukamata ule mkate wa nywele nikaufumua, na wifi yangu akasimama tuli kama mtoto aliyekutwa ameiba sukari. Jamani! Kila msuko ulikuwa na vyake ndani. Alivisukia vidonge humo kwa ustadi wake wote, vimekaa sawasawa, unavutwa uzi kidogo kinadondoka kimoja kiganjani. Huku vyekundu, huku vya njano, huku vya waridi. Hata huko alikuwa amevipanga kwa rangi.

"Kumbe si chawa," nikasema.

"Chawa?" Wifi yangu akanigeukia, uso umejaa mistari. "Chawa, mimi? Mimi msusi?"

"Ulikuwa unajikuna!"

"Nina chawa, mimi? Umeninywesha dawa ya chawa masikioni?"

"Nani kakupa hivi vidonge?"

Hapo tukasikia zipu ya mkoba inafungwa polepole, kwa uangalifu mkubwa. Tukageuka wote wawili. Mwalimu mkuu alikuwa anaangalia dari.

"Nilimpa vichache tu," akasema. "Alinihurumisha."

Nilimpa na yeye vyake, kwa mdomo, hapo hapo, na sikujali kwamba ni mwalimu mkuu na kwamba shule nzima inamwamkia. Kisha nikamgeukia wifi yangu, na nilikuwa na mengi ya kusema, nilikuwa nimeyapanga kabisa. Yakakwama. Nikabaki namwangalia na ule uso wa rangi rangi.

"Unataka ukalale kwenye ile mashine?" ndiyo yaliyotoka.

"Nataka kusuka," akasema. "Nisiposuka mimi ni nani hapa? Nikae kitini nihesabu nzi? Nyinyi wote mna mikono. Kaka yako ana mikono, wewe una mikono, mwangalie huyu naye, ana mikono na hajui kuitumia." Mwalimu mkuu akaficha mikono yake. "Mimi vidole hivi ndivyo vilivyonilea. Nimeambiwa nichague figo au vidole, na figo sijawahi kuziona."

"Na mimi je?" Nilikuwa nalia sasa, na nikilia sauti yangu inakuwa mbaya, inapasuka kama ya jogoo mchanga. "Ukifa nitagombana na nani? Na kaka? Kaka hajui hata kujibu! Umekaa unajiua taratibu, unaimba, unajikuna, mimi nakununulia dawa ya chawa nimejifunika kama mwizi, kwa sababu sitaki upate aibu. Nakupenda, mpumbavu wewe!"

Sijawahi kumwambia hivyo. Wala sikupanga. Akanitazama, naye midomo ikamcheza, tukaanza kulia wote wawili pale kwenye sinki, tumeshikana, ananipaka rangi begani.

"Samahanini," mwalimu mkuu akasema, "povu limeniingia machoni."

Tulipotulia nilimsuuza mwalimu mkuu nikamkalisha kwenye kiti kinachozunguka, kisha nikamwambia wifi yangu jambo moja, na nililisema bila hasira. "Kuanzia leo sikulindi. Sitakupekua, sitakuuliza, sitamwagia mtu maji sikioni. Nimechoka kuwa askari. Ukitaka kumeza, meza mbele yangu, mimi nitaangalia pembeni. Figo ni zako."

Wifi yangu alijifuta uso, akakokota kile kiti kisichozunguka, akakaa nyuma ya mwalimu mkuu. "Sogea hapa," akaniambia. "Wewe utasuka. Mimi nitakuelekeza."

"Mimi? Sijui kusuka."

"Najua hujui. Ndiyo maana nitakuelekeza."

Mwalimu mkuu akataka kuinuka. "Wewe kaa," tukamwambia kwa pamoja. Akakaa. Kazi ilichukua mpaka jioni, na nikisema kazi naheshimu tu. Mistari ilianza vizuri kwenye paji, ikafika katikati ikapotea njia, mmoja ukaenda kuishia juu ya sikio. Wifi yangu alinitukana kila hatua na sikuona ubaya. Mwalimu mkuu alijitazama kwenye kioo, akavuta pumzi, akatoka zake na kichwa kile akapita nacho barabarani. Nadhani aliona ni adhabu yake.

Wiki zilizofuata nilitimiza ahadi, na usiniulize nilivyoteseka. Wifi yangu alikuwa ameurudisha mkoba wake begani, anaingia na kutoka, na mimi sijui mna nini ndani. Akienda chooni nahesabu ukimya. Akikohoa nashtuka. Vidole vyake vilikuwa vibaya kuliko mwanzo, kwa hiyo nilijipa moyo kwamba hamezi. Kisha nikawa naona aibu, nafurahia vipi mwenzangu kuteseka? Mimi nikawa nasuka, yeye anaelekeza. Mistari ikaanza kufika ilikotumwa, si yote.

Tukarudi hospitali. Daktari akasoma majibu, akasoma tena, mimi roho iko mkononi.

"Zimepanda," akasema. "Si kama za zamani, na sitakudanganya, za zamani hazitarudi. Lakini zimepanda na zimetulia. Mama, umeacha kweli."

Niliruka. Kaka yangu alimpa daktari mkono, akampa na muuguzi, akampa na mtu aliyekuwa anapita na ndoo. Wifi yangu aliinamisha kichwa tu. Daktari akamwandikia dawa ya ugonjwa wenyewe, akamweleza kwamba atapimwa damu mara kwa mara, na kwamba asitegemee muujiza: itachukua wiki nyingi, pengine miezi, kabla vidole havijasikia tofauti.

"Na mpaka hapo?" wifi yangu akauliza.

"Mpaka hapo ni kuvumilia, mama. Ukizidiwa njoo, tutatafuta njia. Lakini vile vidonge, hapana."

Kaka yangu akaenda kutafuta usafiri, sisi tukaenda kupanga foleni kwenye dirisha la dawa. Benchi refu, watu wa viungo wote, magoti, viuno, mabega, kila mtu amekaa kwa upande usiomuuma. Asubuhi ile ilikuwa mbaya kwa wifi yangu. Mikono ilikuwa imelala mapajani mwake, vidole vimejikunja, hata karatasi ya dawa nilikuwa nimeishika mimi. Jirani yake alikuwa mzee mmoja mwenye fimbo. Mzee akamwangalia mikono, akasikitika, akatoa leso mfukoni.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Foleni hii bila kimoja huiwezi."

Kilikuwa cha njano.

Wifi yangu akakichukua. Akakiweka kiganjani akakitazama. "Figo zimepanda," akasema, hakuniambia mimi, alikiambia kile kidonge. Na nikaona hesabu inavyopita usoni kwake: zimepanda, zimetulia, kimoja tu, cha leo tu, kitazifanya nini? Nilikuwa nimeahidi. Niliuma ulimi mpaka nikasikia chumvi. Nilitaka kumpiga kofi mkononi kidonge kiruke mpaka barabarani. Nikaangalia pembeni kama nilivyosema nitaangalia pembeni, nikaona ukuta, na ule ukuta sitausahau.

"Mzee," nikamsikia anasema, "mkojo unapata vizuri?"

Foleni nzima iligeuka.

"Eti?" mzee akasema.

"Mkojo! Unatoka wa kutosha, au ni matone?"

"Mwanangu, tupo mbele za watu."

"Hata mimi nilikuwa mbele za watu. Ukirudi kwa daktari, mpe leso hiyo yote aione. Yote, usifiche hata kimoja." Akakirudisha kidonge ndani ya leso, akajaribu kuifunga fundo, vidole vikakataa, akajaribu tena, vikakataa. Nikamsaidia kuifunga.

"Wifi," akaninong'oneza. "Inauma."

Miaka yote hiyo, wifi yangu hajawahi kulitamka hilo neno. Alikuwa anauma mdomo, anameza, anaendelea kusuka.

"Inauma sana, wifi. Nataka kupiga kelele."

"Piga."

"Watu wamejaa."

"Piga tu, wifi yangu. Wataelewa hao."

Akavuta pumzi, akapiga. Sikujua kifua kile kidogo kina sauti ya namna ile. "Inaniumaaa!" Ndani ya chumba cha dawa kitu kikaanguka kikapasuka. Mfamasia akatoa kichwa dirishani, miwani imekaa upande.

"Nini? Nani anaumwa?"

Yule mzee akainua fimbo yake. Mama wa mwisho wa benchi akanyoosha mkono, hakufika juu, begani ndipo ulipogoma, lakini akaunyoosha. Akafuata wa goti, akafuata wa kiuno, mkono baada ya mkono, na asiyeweza mkono akainua kidole, mpaka foleni nzima ikawa juu. Mfamasia alitutazama, akavua miwani.

Mimi sina yabisi popote, kiungo changu hata kimoja hakijawahi kulia. Nikanyoosha mkono na mimi, kwa sababu kweli ilikuwa inaniuma.